Mjomba Modeste Hakusinzia

Hakusinzia! Niseme mara ngapi? Na wewe uliyeanza kutangaza dukani, kikombe cha kahawa mkononi, eti mzee kaisha, eti alifumba macho konani akataka kumuua Bibi Celestine, wewe ulikuwa wapi asubuhi ile? Ulikuwa kitandani. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Niliyaona macho yake kwenye kioo tangu tunatoka hapa kijijini Eneas Flat mpaka tunaingia mtaroni, na yalikuwa wazi. Mekundu, sawa. Yamechoka, sawa. Lakini wazi.

Sasa nitawaambia ilivyokuwa, na mtu asinikatize.

Modeste Alphonse si mjomba wangu wa damu. Lakini aliwahi kunichapa nilipovunja dirisha la kanisa, na mwaka huohuo akaninunulia viatu vya theluji, kwa hiyo ni mjomba wangu, basi. Ameendesha lori la magogo tangu hana ndevu. Mgongo ulipomkataa akashushwa kwenye lori, na ofisi ya kijiji ikampa pikapu ya wagonjwa. Wakamwambia hiyo ni kazi nyepesi, ya kupumzikia.

Nyepesi! Vuli iliyopita mlima ulishuka ukaimeza barabara ya chini kando ya mto, na mpaka leo serikali inakuja, inapiga picha, inaondoka. Tumebaki na njia ya juu, ile ya magogo, inayopanda mlima Tessler mpaka mawinguni halafu inakudondosha upande wa pili kwenye hospitali. Wakati wa baridi kali haina shida. Barafu imeshika kama zege, malori yanapita, kampuni ya magogo inalima theluji njiani. Shida ni sasa hivi, theluji inapoanza kuyeyuka. Chini tope mpaka magotini, juu theluji mbichi, nzito, imelowa kama nguo isiyokamuliwa. Malori yamesimamishwa yasiharibu njia. Hakuna anayepita, kwa hiyo hakuna anayelima, isipokuwa greda moja inayotumwa ikikumbukwa.

Na Bibi Celestine, mama yake mama yangu, figo zake zimekufa. Mara tatu kwa wiki lazima alale kwenye mashine wamsafishe damu. Mashine haijui kwamba nje kuna theluji. Akikosa mara moja, miguu inavimba. Akikosa mara mbili, maji yanapanda kifuani. Akikosa tatu, mtachimba kaburi na ardhi bado ngumu.

Na alikuwa ameshakosa mara moja. Jumamosi upepo uliangusha miti njiani, Mjomba Modeste akahangaika na msumeno mpaka akaishiwa mafuta, tukarudi. Kwa hiyo Jumanne hatukuwa na mjadala. Bibi alitoka nyumbani akivuta miguu, kavaa viatu vya marehemu babu kwa sababu vyake havimuingii tena.

"Modeste," akasema, "unanukia kama mbwa aliyelowa."

"Nimelala kwenye gari, shangazi. Nilikuwa nafunga minyororo ya tairi."

"Wewe tangu mdogo ulikuwa mchafu. Mama yako alikuwa anakufukuza na ndoo."

"Na wewe ulikuwa unamshikia ndoo."

Bibi akacheka, kisha akakohoa, na Mjomba akamwinua kwa makwapa akamkalisha mbele. Nilimwona akishika mlango baadaye, amesimama tu, anasubiri mgongo umruhusu kutembea. Yeye huwa hasemi. Ananung'unika na gari tu, kama watu wanavyonung'unika na mke.

Tukaondoka. Pale darajani akashuka, akapunguza upepo kwenye tairi ili zitandazike kwenye tope, akarudi amelowa mpaka kiunoni. Gia ya chini. Magurudumu yote manne. Gari likawa linaogelea, mkia unaenda huku, kichwa kule, naye anausindikiza usukani kwa vidole, hapigani nao. Mimi ningepigana nao. Ndiyo maana leseni yangu iko kwa polisi, na sababu mnaijua, tusianze.

Sasa, redio. Kwenye njia ile gari mbili hazipishani ila kwenye sehemu zilizopanuliwa, na kona hazioneshi mbele. Kwa hiyo unatangaza. Unafika kwenye kibao cha kilomita, unabonyeza redio, unasema uko wapi na unaenda wapi. Mwenzako anasikia, anahesabu, mmoja anasubiri penye nafasi. Hata mtoto wa hapa akicheza na magari ya plastiki anatangaza kilomita.

Lakini mwaka jana kampuni ilihamishia yadi ya magogo chini zaidi, wakang'oa vibao vyote, wakaanza kuhesabu upya kutoka yadini. Kila namba ikaongezeka tatu. Karatasi wakabandika ofisini. Nani amebadilika? Mimi sijabadilika. Kumi na sita ni kona aliyofia Lucien, kaka yake Mjomba Modeste, mnyororo wa magogo ulipokatika. Mama zetu wanawasha mishumaa pale kumi na sita. Leo uniambie Lucien alifia kumi na tisa? Hata nyinyi pale dukani, mkiuliziana dubu kaonekana wapi, mnataja namba za zamani. Msinidanganye.

Tulipoanza kupanda kweli, tope likaisha, theluji ikaanza. Kwanza nyepesi, baadaye vipande vikubwa kama manyoya ya bata, vinajibandika kwenye kioo. Bibi alikuwa anapumua kwa kelele. Mjomba akawa anamtazama, anatazama njia, anamtazama tena.

"Tazama mbele," Bibi akamwambia. "Mimi siendi popote."

"Unapumua kama greda, shangazi."

"Basi nilimie njia."

Hapohapo redio ikakoroma. Sauti ya kijana, ngeni: "Greda, ishirini na mbili, nashuka."

Mjomba akabonyeza yake. Tulikuwa tunakipita kibao. Nilikiona mwenyewe, kimeandikwa kumi na tisa kwa rangi nyeupe mpya. Akasema: "Pikapu ya wagonjwa, kumi na sita, napanda."

Mimi nimesikia, na sikushtuka hata kidogo. Bibi hakushtuka. Kwetu sisi pale NI kumi na sita. Mjomba akaona greda iko mbali, kilomita sita, tutaikuta sehemu ya kupishana kule juu kwenye machimbo. Yule kijana naye akaona hivyohivyo, sita, muda upo. Kumbe tulikuwa tumebakiza nusu yake, na wote tunaendelea kusogeleana tukiwa tumetulia kabisa.

Tukaingia kona. Upande wa kulia mwamba, upande wa kushoto hewa tupu mpaka mtoni. Na mbele yetu ikatokea blade ya greda, bamba la chuma pana kama ukuta wa nyumba, inasukuma theluji.

Mtu aliyesinzia angefanya nini? Niambieni. Mjomba hakukanyaga breki. Ukikanyaga breki kwenye theluji ya vile unateleza mpaka korongoni. Alikata usukani kulia, akaliingiza gari mtaroni, ubavu kwenye mlima. Likalala upande. Chai yote ya Bibi ikanimwagikia shingoni. Greda ikapita, ikasimama, blade yake imefika pale kilipokuwa kiti cha Bibi sekunde iliyotangulia.

Halafu Bibi akasema, "Modeste, umenipigia kichwa kwenye kioo."

"Unaumwa?"

"Naumwa tangu Krismasi. Nitoe."

Yule kijana wa greda akaruka chini. Anaitwa Balkar, wa mjini, ana ndevu na kilemba cha rangi ya chungwa. "Mzee, umesema kumi na sita! Kumi na sita! Ningewaua!"

Mimi nilishatoka dirishani. Nikamvaa. Nikamwambia mambo ambayo siwezi kuyarudia hapa, nikataja kampuni, nikataja vibao vyao, nikamwambia wageni ndio wanakuja kutuhesabia mlima wetu. Na yeye akanijibu, hakuwa mnyonge. "Mimi nimeweka vibao? Mimi nasoma kilichoandikwa! We unasoma nini?"

"Baruti, nyamaza," Mjomba akasema. Hilo ndilo jina analoniita. Alikuwa amekaa kwenye theluji, miguu imenyooshwa, kama mtoto. "Kijana amesema sawa. Mimi nimekiona kibao. Kumi na tisa. Nimekisoma kwa macho yangu, na mdomo ukasema kumi na sita."

"Pale kwenye kibao ni kona ya Lucien, Mjomba."

"Ni kona ya Lucien. Lakini Lucien haendeshi greda."

Hakuinuka mara moja. Balkar ndiye aliyemshika mkono.

Tukachimba. Koleo moja, sahani ya chuma ya kuchomea mikate, na mikono. Balkar akafunga mnyororo, akatuvuta kinyumenyume taratibu, pikapu ikatoka bila kioo cha pembeni na mlango mmoja haufunguki. Halafu yule kijana akafanya jambo ambalo hakuagizwa. Alikuwa anaelekea nyumbani, zamu yake imekwisha. Akalirudisha lile dude nyuma mpaka penye upana, akaligeuza, akatutangulia mpaka kileleni, anatulimia njia. Na kwenye kila kibao akatangaza kwa ajili ya wote wawili: "Greda na wagonjwa nyuma yangu." Mjomba hakugusa redio tena. Aliendesha tu ndani ya alama za yale matairi, mabega yameshuka, na nilimwona akipangusa macho kwa mgongo wa glavu. Msiulize kama ni jasho. Sijui.

Tulifika tumechelewa. Nesi alikunja uso, lakini akampa Bibi kiti cha mwisho. Damu ikaanza kuzunguka kwenye mipira ya mashine, na rangi ikamrudia usoni kidogokidogo.

Nikatoka nje kumpelekea Mjomba mkate na samaki wa moshi. Alikuwa maegeshoni, kalaza kiti. Hakula.

"Nimemaliza, Baruti," akasema.

"Umechoka tu. Lala."

"Nililala jana. Nililala na juzi. Haitoki." Akatazama mikono yake. "Nimeitaja ile namba miaka yote kwa sababu ya ndugu yangu. Siwezi kuufundisha mdomo sasa. Mara nyingine kutakuwa na mwingine anakuja, na sitakuwa na upande wa kukatia usukani."

Nilitaka kumgombeza. Mimi kila mtu namgombeza. Sikuweza.

Alimrudisha Bibi salama, polepole, mimi nikiwa nimekaa mbele nasoma vibao kwa sauti, vipya, kimoja kimoja, nikijisikia msaliti. Asubuhi iliyofuata akapeleka funguo ofisini. Ofisi wakamwambia Bibi suluhisho lipo, ahamie mjini, atapewa chumba karibu na hospitali. Chumba cha ghorofa ya tatu, dirisha linatazama ukuta. Bibi akawauliza nani atamkatia kuni huko. Wakasema hakuna kuni, kuna joto la umeme. Akasema, "Basi sina kazi huko," akajifunika shuka. Anamaanisha: hahami, hata akifa. Mnamjua.

Kwa hiyo acheni kumjadili Modeste. Alipanda mlima ule baridi nzima mgongo ukiwa umevunjika, na nyinyi hamkumpokea hata safari moja. Nasema nanyi madereva wa magogo, ambao malori yenu yamesimama mpaka njia ikauke. Leseni mnazo. Njia mnaijua. Kutwa mko dukani mnahesabu makosa ya mtu.

Funguo ziko ofisini, kwenye msumari nyuma ya mlango. Alhamisi asubuhi Bibi Celestine atakuwa amevaa koti. Njoo umwendeshe, na usome kibao kama kilivyoandikwa.