Weka Frii, Mama

Simu ya msiba iliingia jioni, nikiwa nimechuchumaa kando ya gari nakaza nati za tairi jipya. Shangazi yangu, dada pekee wa baba aliyekuwa amebaki, alikuwa amefariki kijijini kwao nje ya mji wa Iringa, na ukoo ulikuwa umekubaliana azikwe kesho yake saa nane mchana. Kitu cha kwanza nilichofanya, na naona haya kukiandika, ni kulitazama gari. Nilijiuliza kama litafika.

Pale mtaani kwetu Uyole, Mbeya, najulikana kama yule mwalimu wa fizikia mwenye kichaa cha magari. Kichaa chenyewe nilikirithi. Baba aliendesha malori ya Zambia hadi goti lake la kulia lilipoharibika kwa ajali na kukataa kukunjika, na kabla ya hapo alinifundisha kuendesha kwenye pikapu yake ya dizeli nikiwa bado nasoma. Pikapu hiyo nilikuja kuirithi, nikaitunza miaka mingi, halafu mwaka juzi nikaiuza na kununua gari dogo la umeme, la mitumba kutoka Japani. Mfanyabiashara mmoja wa spea pale mjini, Mhindi mcheshi, aliniruhusu nilijaribu la kwake. Nilikanyaga mara moja tu, mgongo ukanasa kwenye kiti, na habari ya dizeli ikawa imekwisha.

Baba hakunigombeza. Tangu mama afariki anaishi kwangu, na anajua nyumba ni ya nani. Alilizunguka gari na fimbo yake, akasikiliza, akasema, "Gari lisilonguruma ni la kuvizia watu." Tangu siku hiyo alipanda kwa adabu, kama mtu aliyepewa lifti na mgeni.

Labda ndiyo sababu nililipamba kupita kiasi. Gari lilikuja limekaa chini kama kuku anayetamia, nami nilitaka baba alione kuwa ni gari. Nikanunua springi za kuliinua. Nikaweka keria juu na taa nne za kumulika. Nyuma, kwenye kioo, nikaandikisha KIMYA KINGI kwa herufi nyekundu, kwa sababu lori la baba nalo lilikuwa na maandishi. Mwisho nikaweka matairi makubwa yenye meno, ya kukanyagia tope la Usangu, ingawa kazi yangu yote ni kutoka nyumbani kwenda shuleni kwa lami. Fundi wangu wa Mwanjelwa alinionya mambo mawili. La kwanza, mteremkoni usiweke frii, maana mteremko ndio sheli yako: gari likishuka huku limo kwenye gia linazalisha umeme na kuurudisha kwenye betri. Hilo nililijua, nalifundisha. La pili, matairi haya yatakula chaji. Hilo liliingia sikio hili likatokea lile.

Usiku ule umeme ulikatika mtaa mzima. Saa kumi na moja alfajiri skrini ilisoma asilimia tisini na moja. Nilipiga hesabu nyuma ya daftari la mahudhurio: tufike Makambako na ishirini, tuchaji saa tatu kwenye karakana ya mtu ninayemfahamu, tuwahi Iringa kabla ya saa nane. Hesabu ilikubali kwa shida. Hesabu inayokubali kwa shida mwanafunzi wangu nisingempa alama zote, lakini mimi nilijipa.

Baba alikaa mbele kushoto, mguu mbovu ameunyoosha, koti lake la kanisani amelikunja mapajani. Hakuwa amesema neno tangu jana isipokuwa sala. Tulipoanza kushuka mlima wa Inyala kulikuwa na ukungu, na malori yalikuwa yanateremka polepole mbele yetu, breki zao zinanuka. Ndipo alipousogeza mkono wake wa kulia hadi juu ya wangu, pale kwenye gia.

"Weka frii, mama," alisema. Baba huniita mama, kama baba wengi wa huku wanavyowaita binti zao. "Unaunguza mafuta bure."

"Baba, hili halina mafuta."

"Basi unaunguza umeme."

Madereva wote wa zamani wa barabara ile huteremka hivyo, gia imetolewa, gari linajiendea, tone la dizeli linabaki kwenye tangi. Kwenye mteremko huo huo, kwenye pikapu, mkono huo huo ulikuwa umenifundisha. Nilikuwa na jibu la fizikia mdomoni. Nikalimeza. Mzee alikuwa anakwenda kumzika dada yake, na tangu jana hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukumbuka kuwa anajua kitu. Nikaweka frii.

Gari likateleza. Akaegemea kiti, akashusha pumzi, akasema, "Kumbe linajua kwenda." Ilikuwa sifa ya kwanza aliyoitoa kwa gari lile, na mimi, mtu mzima mwenye miaka arobaini na mitatu, nilifurahi kama niliyepewa pipi. Kila mteremko uliofuata nikaweka frii bila kuambiwa. Kila lori lilipotuzuia nilikanyaga breki, na kila nilipokanyaga nilijua nautupa umeme barabarani.

Furaha iliishia Chimala. Namba ilikuwa inashuka haraka kuliko kilomita. Nilizima feni, nikazima redio, nikapunguza mwendo hadi bodaboda zikatupita. Baba alisimulia habari za shangazi, jinsi alivyokuwa akimficha yeye nyuma ya ghala kila alipokosa utotoni, nami niliitikia "eeh, eeh" macho yakiwa kwenye skrini. Tulipofika Igawa hesabu yangu ilitaka hamsini. Skrini ilisema thelathini na nane, na kutoka pale barabara inapanda hadi Makambako.

Nilisimama pembeni, nikamwambia ukweli nusu: chaji haitoshi. Nikamwomba tusimamishe basi lolote la Iringa, apande, mimi nitafuata.

"Goti hili lisimame kwenye basi hadi Iringa?" aliuliza. Kisha akasema kwa upole, "Tumetoka pamoja, tutafika pamoja."

Nikakata kwenda Rujewa, nje kidogo ya barabara kuu, kwa kuwa nilijua kuna mashine za kukoboa mpunga, na penye mashine pana umeme wenye nguvu. Tuliikuta ya kwanza inanguruma, vumbi la pumba limejaa hewani. Mwenye mashine alinisikiliza huku anafuta miwani.

"Laini yangu haibebi vyote viwili," alisema. "Gari likichaji, mashine inasimama. Na kuna foleni. Gunia lako liko wapi?"

Pale hapangi foleni mtu, linapanga gunia. Ukilisimamisha gunia lako mstarini unaweza kwenda sokoni, ukanyonyeshe, urudi, nafasi yako ipo. Nilihesabu magunia kumi na moja. Mimi sikuwa na hata kifuko.

"Mzee anawahi mazishi," nilisema.

"Pole, dada. Lakini foleni si yangu, ni ya hao akina mama. Waombe wao."

Niliwaendea. Walikuwa wamekaa kivulini, wengine na watoto mgongoni. Niliwasalimia, nikawaeleza, nikasema itachukua saa tatu. Nilitarajia mtu acheke. Mama mmoja mrefu, mwenye gunia la mbele kabisa, alimtazama baba aliyekuwa anajikokota kutoka garini.

"Mzee anakwenda kumzika nani?"

"Dada yake. Ndiye dada pekee aliyekuwa amebaki."

Akainuka, akaligeuza gunia lake hadi likatoka mstarini. Wa pili naye akainuka. Hakuna aliyetoa hotuba. Mashine ikazimwa, nikachomeka waya, na kwa saa tatu mpunga wa watu kumi na mmoja ukasubiri gari langu lenye taa nne za mapambo. Mmoja aliniomba nifungue boneti aione injini. Alipoona, aliuliza kwa nini nimenunua gari ambalo halijaisha kutengenezwa.

Nilijifanya nashughulika na waya. Baba alipewa kiti karibu na fundi wa mashine, na nilifurahi kuona anaongea, kwa sababu alikuwa ananisifia.

"Binti yangu anajua barabara," nilimsikia. "Inyala yote ameishuka kwa frii. Nilimfundisha mwenyewe."

"Lakini mzee," fundi akasema, bila ubaya wowote, "magari haya mteremkoni ndipo yanapojichaji. Ukiweka frii hayarudishi kitu."

Baba akamwomba arudie. Fundi akarudia, na kwa kidole akachora mlima kwenye vumbi. Baba aliutazama ule mlima. Kisha akachukua fimbo yake, akaenda kukaa peke yake upande wa pili, karibu na lundo la pumba.

Nilimfuata, nikachuchumaa mbele yake. "Baba, ni matairi. Haya matairi makubwa na ile keria. Nilionywa nikapuuza. Kosa ni langu."

"Sawa, mama," alisema, akanigusa bega. Alinigusa kama mtu anayepokea zawadi ambayo anajua aliyeitoa hana uwezo nayo.

Saa sita kasoro baba mdogo alipiga simu kutoka msibani. Mawingu yalikuwa yamejaa kule, na mchungaji alikuwa na mazishi mengine kijiji cha pili. Aliuliza tumefika wapi. Nilifungua mdomo kudanganya, kwamba tupo Mafinga, tunakaribia. Baba akanyoosha mkono, nikampa simu.

"Msinisubiri," alisema. "Zikeni."

Akanirudishia simu baada ya kuifuta kwa mkono wa shati, kana kwamba ameichafua. Niliwashukuru wale akina mama, nikashindwa kuwatazama usoni. Tulipoondoka mashine ilianza kunguruma nyuma yetu. Tulichaji tena Makambako, tukila mahindi ya kuchoma ambayo hakuna aliyeyataka. Mteremko uliofuata sikuweka frii. Namba ikapanda asilimia moja. Nilitamani niifunike kwa kiganja asiione.

Tulifika kumi na mbili kasoro. "Kamwene," watu walitusalimia kwa sauti za chini, na wakampisha baba njia. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa, msalaba umesimama, mashada yamelowa. Pembeni yake, juu ya kigoda, binamu yangu alikuwa ameweka beseni la plastiki lililojaa udongo, amelifunika kwa kanga mvua isiuharibu. Walikuwa wamemwachia sehemu yake.

Kwa kuwa goti halikunji, hakuweza kuinama. Nilimshikia beseni kiunoni pake, naye akachota kwa mkono, akamwaga, akachota, akamwaga, hadi vidole vikakwaruza plastiki. Nilikuwa karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote, kwa hiyo ni mimi peke yangu niliyemsikia.

"Nimechelewa, dada," alisema. "Nilikuwa nabana mafuta."

Mwezi uliofuata niliyavua yale matairi. Nilishusha keria, nikang'oa taa, nikarudisha matairi madogo niliyokuwa nimeyatupa stoo. Jumamosi moja, bila kumuaga mtu, niliondoka na asilimia tisini na moja ile ile, alfajiri ile ile, nikashuka Inyala yote kwa frii, nikikanyaga breki kama siku ile, na miteremko mingine yote vilevile. Nilifika Makambako na kumi na tisa, pungufu moja tu ya hesabu yangu ya awali. Nilisimama pembeni ya barabara nikalia. Frii ilikuwa imekula kidogo tu. Chaji nyingine yote ililiwa na mapambo yangu.

Niliandika kila kitu kwenye karatasi, namba kwa namba, nikaenda kumwekea baba mezani. Nilimweleza kama ninavyomweleza mwanafunzi mzito, mara mbili. Alisikiliza hadi mwisho. Akaikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa koti la kanisani.

"Asante, mama," alisema. "Mungu akubariki kwa moyo huo."

Hakuamini hata mstari mmoja. Nimejaribu tena mara tatu, na kila nikijaribu ananihurumia zaidi. Ana miaka sabini na tisa. Naogopa atakufa akiamini kwamba ni yeye aliyejichelewesha kwa dada yake, na kwamba binti yake alikuwa mwema kiasi cha kumdanganya.

Jumapili huwa nampeleka kanisani, na siku nyingine tunapita hadi Inyala kununua viazi. Mteremko ukianza, anauingiza mkono wake wa kulia chini ya paja, anaukalia, hadi tufike chini.