Mmachame Anayesimulia Baa ya Waingereza Mjini Guangzhou

Saa tisa alasiri, joto la Guangzhou linatosha kuivisha yai mfukoni. Elisante Nkya anainama kama anayeingia banda la mbuzi, anapita mlango mfupi wa mbao nyeusi, anasimama wima upande wa pili na kushika kichwa. Leo hajagonga. Anakishika kwa mazoea tu.

"Waliojenga mlango huu walikuwa wafupi au walikuwa wakorofi," anasema huku akifunga aproni. "Mimi naona vyote viwili."

Nje ni Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika, hatua chache kutoka jengo la maduka la Tianxiu, mikokoteni ya mizigo inapigana vikumbo. Ndani ni Uingereza. Kuna kaunta ndefu ya mbao iliyonyonya bia za vizazi vingi, mabenchi yenye migongo mirefu na madirisha ya vioo vidogo vidogo. Kuna pia meko kubwa ya mawe ya kuotea moto.

Kuota moto, Guangzhou! Mwenye baa alifikiri akapachika kiyoyozi ndani ya meko. Kwa hiyo wateja huizunguka wakinyoosha mikono, kama walivyofanya Waingereza enzi hizo, ila hawa wanatafuta baridi.

Baa inaitwa Ndoo Tatu. Kwa mamia ya miaka ilikaa katika mji mdogo wa Uingereza uitwao Hembrook, hadi ilipofungwa na jengo likapangiwa kuvunjwa. Bwana Liang, mfanyabiashara wa mapazia aliyekuwa kule kutafuta wateja, akapita siku ile ile mafundi walipokuwa wanatoa mabenchi nje. Mtu mwingine angenunua benchi moja. Liang ni mtu wa jumla. Alinunua matumbo yote ya baa, kuanzia kaunta hadi kibao cha nje chenye picha ya ndoo tatu, akayapakia kwenye makontena mawili.

Elisante, mwenye umri wa miaka thelathini na mbili, ndiye anayemimina bia hapo. Pia ndiye mwanahistoria wa baa, cheo ambacho hakukiomba.

"Nilikuja China kwa ufadhili, kusomea uhandisi wa maji," anasema. "Mama yangu kule Machame bado anawaambia watu kanisani kwamba nashughulika na maji. Hajadanganya sana."

Alipomaliza chuo, Liang, ambaye wote humwita laoban, yaani bosi, alimtafutia kibali cha kazi na kumlipa yuan elfu saba kwa mwezi. Nusu inaishia kwenye chumba na chakula. Kipande kingine kinakwenda kwa mdogo wake, Goodness, anayesomea uuguzi Moshi. Masharti ya kazi yalikuwa mawili: mimina vizuri na simulia historia ya baa.

Tatizo lilikuwa moja tu. Historia yenyewe hakuna aliyeijua.

"Nikamuuliza laoban, aliyekuuzia alisemaje? Akaniambia, alisema ni nzee. Basi. Nzee! Sasa mimi nisimame mbele za watu niseme ni nzee, nikae?"

Elisante akajitengenezea. Kwanza akaweka mzimu wa bi harusi anayelia karibu na choo. Wateja wa Kichina walisikiliza hadi mwisho, wakalipa, wakaondoka bila kumaliza bia. Laoban akampa onyo: mizimu basi, weka mfalme. Akaweka mfalme aliyekimbia vita akajificha chini ya kaunta. Ule mkato mrefu kwenye mbao ukawa alama ya upanga. Ndoo tatu zikawa za jambazi aliyezijaza fedha na kuzizika uani.

Kuna jambo moja lilimshinda hata yeye. Nyuma ya kaunta, kwenye boriti, kulikuwa na kulabu ndogo za chuma zimepangwa mstari. Za nini? Elisante alisema ni za kuning'inizia masikio ya maadui. Loyce Masanja, mfanyabiashara wa Kahama anayenunua mikoba kwenye soko la Shiling, akawa anatundika sampuli zake hapo.

"Mangi huyu ni mwongo wa daraja la kwanza," anasema Loyce, akimwita Elisante kwa jina la utani la Wachaga. Ni mteja tangu baa ifunguliwe. "Jumatatu mfalme alijificha siku tatu, Ijumaa amefika wiki mbili. Nikamwambia, mdogo wangu, mwisho huyo mfalme utamdai kodi ya pango."

"Dada Loyce anasema hivyo, lakini kila siku alikuwa anaomba nianze upya," anajibu Elisante.

Hata hivyo, uongo mtamu nao huzoeleka. Mwaka huu baada ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, meza zilianza kubaki tupu. Mgeni akishaisikia habari ya mfalme mara moja, hana sababu ya kurudi kuisikia tena. Laoban akamkalisha Elisante chini. Mkataba wa pango unaisha mwisho wa Juni, alimwambia. Meza zisipojaa, kaunta inang'olewa, vinajengwa vyumba vya karaoke. Karaoke haihitaji msimuliaji.

Kwa Elisante hilo halikuwa suala la kubadilisha kazi tu. Kibali chake kimefungwa na baa hiyo. Kazi ikiisha, naye kwao, na ada ya Goodness ibaki hewani akiwa na mwaka mmoja mbele yake.

"Nilikuwa napita dukani naangalia masanduku ya safari," anasema. "Naangalia tu, sinunui. Nikinunua naona kama nimekubali."

Ndipo, Jumamosi moja ya Aprili, alipoingia mama mmoja wa Kiingereza mwenye mvi na mfuko wa turubai begani. Kila mgeni hugonga kichwa kwenye ule mlango. Yeye aliinamisha kichwa kabla hata ya kuutazama.

Jina lake Dorothy Pask, umri zaidi ya miaka sabini. Alikuwa amekuja kumtembelea mwanawe anayefundisha Kiingereza mji wa jirani, Foshan. Mwanawe alikuwa amemwonyesha picha ya baa kwenye simu, na mama akakataa kula mpaka apelekwe.

Elisante alikuwa katikati ya kazi. Meza moja ya wageni inasikiliza, laoban yuko kwenye kona yake anakunywa chai, na upanga wa mfalme ndiyo kwanza unatua kwenye kaunta. Yule mama akasubiri kwa adabu hadi mwisho. Kisha akapitisha kidole kwenye mkato.

"Kijana," alisema, "hicho ni kisu cha mkate. Bibi yangu Edith hakuwa na subira ya kutafuta kibao."

Edith ndiye alikuwa mwenye baa enzi hizo. Dorothy alikulia chini ya kaunta ile ile, akichezea vizibo vya chupa. Mfalme hakuna, alisema. Jambazi hakuna. Mtu mashuhuri kuliko wote aliyewahi kulala pale alikuwa daktari wa mifugo, naye ni kwa sababu gari lake liliharibika.

Na ndoo tatu?

"Paa lilikuwa linavuja sehemu tatu," alisema mama. "Lilizibwa lini? Halikuzibwa."

Wageni wanamtazama Elisante. Laoban, asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji, akauliza kwa Kichina: anasema nini huyo bibi?

"Haya, Mangi, tafsiri," Loyce alisema kutoka benchi lake, amejifuta midomo kabisa ili acheke vizuri.

"Ningeweza kudanganya," Elisante anasema sasa, taratibu. "Ningesema, bibi anathibitisha mfalme. Nani angejua? Lakini yule mama alikuwa ameweka kiganja kwenye kaunta, kama anayemshika mkono mgonjwa wake. Nikashindwa."

Akatafsiri yote. Kisu, daktari wa mifugo, paa.

"Nimelipia makontena mawili," laoban alisema, "kwa ajili ya nyumba inayovuja?"

"Ndiyo, laoban."

"Paa tulilileta?"

"Hapana, laoban."

"Afadhali."

Akacheka hadi chai ikamwagika. Loyce naye akadakia: "Kumbe na Uingereza watu wanakinga mvua kwa ndoo! Sasa ndiyo nimeipenda hii baa. Mfalme alikuwa ananibana."

Dorothy aliletewa kiti na bia, na akaongea hadi jioni, Elisante akitafsiri huku na huku. Ni yeye aliyefumbua habari ya kulabu. Kila jirani wa Hembrook alikuwa na kikombe chake, alisema, na kila kikombe na kulabu yake. Edith hakumpa mtu kikombe cha mwingine hata kama ni askofu. Mtu asipoonekana wiki nzima, kikombe chake kikakaa kikavu, Edith alimtuma mtu nyumbani kwake kuangalia kama ni mzima.

"Na mimi nataka kikombe," Loyce alisema, akatoka hapo hapo kwenda kununua.

Sasa, hawa ni watu wa Xiaobei. Hakuna anayejua kununua kitu kimoja. Mwenye duka alimwambia kikombe kimoja hauzi, anauza katoni. Loyce akabishana bei kwa nguvu zote, akapunguziwa, na kwa furaha ya kupunguziwa akarudi na katoni mbili.

"Wewe mama umetumwa kikombe, umeleta karamu ya ubatizo," Mbarak Said, mwanafunzi wa uzamili kutoka Tanga, ambaye hapo Ndoo Tatu hunywa chai ya tangawizi tu, alimwambia.

"Nimeokoa hela, mwanangu."

"Ungeokoa zaidi usingenunua."

Vikombe haviwezi kukaa bure. Loyce akavigawa Tianxiu, ghorofa hadi ghorofa, kila kimoja kikiwa na jina la mtu kwa rangi. Na mtu akishajua kikombe chake kinaning'inia mahali, jina likitazama nje, atapita tu. Wakongo walipita. Wakenya walipita, wakataka vyao viwe juu ya vya Watanzania. Mbarak ana chake, kimeandikwa CHAI kwa herufi kubwa asije akachanganyiwa. Mwezi Mei kikombe cha fundi simu mmoja kilikaa kikavu siku kadhaa. Elisante akaenda kwake kugonga, akamkuta na homa kali, hana wa kumchemshia hata uji. Akaita wenzake, wakampeleka hospitali. Siku hizi anakuja kila jioni, na huja na ndugu zake.

Juni ilipokaribia kuisha, muuza mitambo ya karaoke alifika na futi ya kupimia. Hakupata pa kupimia. Kila benchi lilikuwa na mtu, na alipojaribu kunyoosha futi juu ya kaunta, Loyce alimwomba aondoe mkono kwenye njugu zake. Laoban akamtazama kutoka kona yake, akatamka neno ambalo kila Mwafrika aliyewahi kununua kitu Guangzhou analijua: "Bu yao." Sitaki. Wiki ile ile akasaini pango la miaka mitatu, na kibali cha Elisante kikahuishwa.

Goodness ameshalipiwa ada. Elisante naye ameomba likizo ya Septemba aende Hembrook, ambako Dorothy amemwandalia chumba. Pale baa ilipokuwa, sasa ni maegesho ya magari. Anataka kukaa na wazee waliobaki, awasikilize mmoja mmoja, arudi na historia isiyohitaji mfalme.

"Nimekula mshahara wa uongo miaka minne," anasema, akifuta kaunta pale kisu cha Edith kilipopita. "Sasa nataka niule wa kweli."

Na laoban amesemaje kuhusu safari?

"Amekubali. Ila ameniagiza niulizie kama kuna kituo cha treni kinauzwa."

Wateja wa kwanza wanaingia, wa mbele anagonga kichwa, wenzake wanashangilia. Elisante anageuka kuchukua vikombe, kisha anarudi kidogo kumalizia alichokuwa anasema.

"Wale wazee wanadhani baa yao ilikufa. Wao watanipa mwanzo, na mimi nitawaambia inavyoendelea."