Mstari Wangu Ulikuwa Mtupu

Siku yangu ya kwanza kazini hakuna aliyenipa mpira. Nilitoka Katito, kule Nyakach, asubuhi na begi moja, cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha, na raba ambazo soli ya kushoto nilikuwa nimeishona kwa uzi wa nyavu. Afisa wa Michezo wa shirika, mama mmoja mkali, alinipeleka masjala, akanionyesha kiti na rundo la faili. Akaniambia hapa wewe ni karani mpaka saa nane mchana, na baada ya saa nane wewe ni mchezaji wa mpira wa kikapu. Mtu akikuuliza kazi yako, sema karani. Ukijiuliza mwenyewe, ujue umeletwa kwa sababu ya miguu yako.

Hivyo ndivyo timu za mashirika zilivyotuajiri hapa Kisumu. Nawaandikia nyinyi wasichana mnaoanza sasa, mjue kazi hii ilifanywaje na ilinitendaje. Nina miaka ishirini na tisa na tayari naitwa mstaafu. Neno hilo linaniudhi, lakini ndilo walilonipa.

Kocha Mkuu alikuwa mtu wa Asembo Bay, mfupi, mwenye sauti ya mnada wa samaki. Aliniambia nitupe mpira mara kumi. Uliingia mara mbili. Akauliza, "Huo mkono umeuazima kwa nani?" Wasichana wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Halafu akaniambia nisimame mbele ya Nekesa, mfungaji wetu, msichana wa Kakamega ambaye mkono wake haukujua kukosa, nihakikishe hapumui. Saa nzima Nekesa alijaribu kunipita. Alinipita mara tatu tu. Kocha akaacha mzaha. Akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Nyakach. Tangu siku hiyo kwake nilikuwa Nyar Nyakach, binti wa Nyakach, na timu nzima ikalichukua jina hilo.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, kwa sababu mtu akisema "kukaba" wengi wanafikiri ni kurusharusha mikono. Hapana. Kukaba kunaanzia miguuni. Unakunja magoti, unashusha makalio kama mtu anayedeki sakafu, na unakwenda kando kwa kando bila miguu kupishana. Tuliita kuteleza. Nimeteleza kwenye saruji ile ya uwanja wetu zaidi kuliko nilivyotembea barabarani. Kocha alikataa tuangalie mpira. Alikuwa anasema, "Mpira muongo, macho muongo, mabega muongo. Angalia kitovu. Kitovu kikienda, mwenyewe ameenda." Na adui alipofika karibu na kikapu, Kocha alipiga kelele moja tu kutoka pembeni: "Geng'e." Yaani mzuie. Nikilisikia neno hilo, hata leo nikiwa sokoni, magoti yanajikunja yenyewe.

Kuna pia kufunga njia: mpira ukitupwa, usikimbilie kuurukia. Kwanza mgeukie mtu wako, mweke nyuma ya mgongo wako, msukume kwa makalio mpaka asahau kuruka. Mwenzako atauokota huo mpira na ataandikiwa yeye. Wewe umeumia kiuno.

Halafu kuna chaji. Hii isikilizeni vizuri kwa sababu ndiyo iliyoniharibia maisha. Mtu anakuja mbio na mpira kuelekea kikapu. Wewe unawahi pale anapopita, unapanda miguu chini, unakunja mikono kifuani, unasimama. Ukisogea hata kidogo, faulo ni yako. Ukisimama imara, anakugonga, unaanguka chali, refa anapuliza, na faulo ni yake. Kikapu akifunga hakihesabiwi. Mchezaji akifikisha faulo tano anatoka, harudi tena. Kwa hivyo chaji ni kazi ya kugongwa kwa hiari. Wafungaji hawaipendi, na nawaelewa, inauma.

Miaka mitatu ya kwanza nilikaa benchi zaidi. Kocha Msaidizi wa wakati huo ndiye aliyepanga wachezaji, na alikuwa mtu wa mabao. Alitaka tukimbie, tufunge, watu washangilie. Na msimu wa kawaida ilifanya kazi, maana unacheza na timu moja Jumamosi, nyingine Jumapili, hakuna anayekujua vizuri. Tulifunga sana, tukapigiwa vigelegele sana. Kisha ikaja mchujo, zile mechi za mwisho za kutafuta bingwa, na kila mwaka tulitolewa.

Mchujo ni kazi nyingine kabisa. Unakutana na timu ileile hadi mara tano, mwenye kushinda tatu anaendelea. Kufikia mechi ya pili wanajua Nekesa anapenda kona ipi, anadunda kwa mkono upi akichoka. Miguu ni mizito. Marefa hawapulizi ovyo, wanawaacha msukumane. Mpira uliokuwa unaingia mwezi wa tatu sasa unagonga chuma. Siku kama hiyo, atakayeshinda ni yule anayeweza kumnyima mwenzake hata akiwa mwenyewe hafungi. Hili nililiona kwa macho yangu nikiwa benchi, na nilimwambia Kocha Msaidizi. Akaniambia nirudi nikakae.

Kocha Mkuu ndiye aliyenitoa benchi mwaka wa nne. Mbele yetu kwenye fainali ilikuwa timu ya Nairobi yenye Mwikali, mrefu, mwenye kasi, mfungaji bora wa ligi nzima. Mechi ya kwanza nilikuwa na malaria, akafunga alivyotaka. Nilipopona, Kocha aliniita kando akaniambia, "Nyar Nyakach, huyu ni wako. Usifunge. Sitaki hata uangalie kikapu. Huyu tu." Nikamkaba Mwikali mechi nne. Nilijua harufu ya mafuta yake ya nywele. Nilijua kabla hajaenda kulia anavuta pumzi kwa mdomo. Yeye naye alinitukana Kikamba, mimi nikamjibu Dholuo, hakuna aliyeelewa na tulielewana sana.

Mechi ya tano ilikuwa hapa nyumbani, mchana wa jua kali. Zile sekunde za mwisho tulikuwa mbele kwa pointi moja. Mwikali alikuwa na faulo nne. Mpira ukafika kwake, akavuta pumzi kwa mdomo. Nikajua ni kulia. Nikasikia "Geng'e" kutoka pembeni, lakini nilikuwa nimeshafika. Nilipanda miguu, nikakunja mikono. Goti lake liliingia kwenye mbavu zangu. Niliona mpira ukiingia kikapuni nikiwa nimelala chali, nikasikia filimbi, na refa akaonyesha mkono kule kwingine: chaji. Kikapu kimefutwa, faulo ya tano, Mwikali nje. Tukawa mabingwa. Ubavu mmoja ulikuwa umepasuka. Nekesa alinibeba mgongoni kama mtoto, na Kocha Mkuu, mtu mzima yule, alilia mbele za watu.

Sasa niwaambie kosa langu. Baada ya kila mechi wachezaji hukimbilia mezani, pale wanapokaa makarani wa mechi, kusoma karatasi. Karatasi ile ina mstari wa kila mchezaji, vikapu vyake, faulo zake, halafu marefa wanatia sahihi. Mimi sikuwahi kwenda. Miaka yote ile, hata siku moja. Niliona ni tabia ya wafungaji kujihesabu. Nilifikiri aliyekuwepo ameona, inatosha.

Mwaka uliofuata nikaolewa, nikapata mimba, nikamzaa Akinyi. Shirika likanipa likizo yangu. Niliporudi mtoto alikuwa ameshaanza kukaa. Nilikuwa nimekimbia kila asubuhi kutoka Kisian, nilikoolewa, mpaka nakaribia mjini na kurudi, nilikuwa tayari. Meneja wa Timu akaniita ofisini. Alikuwa mpya, kijana wa suti, hajawahi kudunda mpira. Kocha Mkuu alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni. Nikafurahi kumwona. Nilidhani amekuja kunitetea.

Meneja alisema nafasi zimepungua na sasa wanachagua kwa rekodi. Akatoa karatasi ya ile fainali, mechi ya tano. Akaweka kidole.

"Mama, mstari wako huu hapa. Vikapu, hakuna. Faulo, mbili. Wewe ungekuwa mimi ungesema nini?"

Nikaiangalia. Ilikuwa mara ya kwanza. Mbele ya jina langu kulikuwa na alama ya kuonyesha nimeingia uwanjani, faulo mbili, na baada ya hapo karatasi nyeupe mpaka ukingoni. Siku nzima ya kazi, ubavu uliopasuka, na nilichoandikiwa ni makosa mawili. Nikashuka kwa kidole mpaka timu ile nyingine, kwenye jina la Mwikali, kisanduku cha tano.

"Kazi yangu iko hapa," nikasema.

"Hiyo ni faulo ya Mwikali."

"Nani aligongwa?"

"Hapa haijaandikwa aliyegongwa."

Na kweli haikuwa imeandikwa. Haina nafasi ya kuandika. Nikageuka kwa Kocha. Yeye alikuwepo. Yeye ndiye aliyeniambia nisiangalie kikapu. Nikamwambia, "Kocha, mwambie." Akaangalia viatu vyake. Akasema, "Mama Akinyi, mambo yamebadilika. Na sasa una mtoto."

Mama Akinyi. Ni jina la heshima, kila mtu nyumbani ananiita hivyo na ninaitika kwa raha. Lakini mtu huyo hakuwahi kuniita hivyo. Siku zote nilikuwa Nyar Nyakach, jina la kazini. Aliponipa jina la nyumbani nikajua ameshanirudisha nyumbani. Walimchukua mfungaji mwingine mpya badala yangu, na kiti changu cha masjala kikaenda naye, maana viwili hivyo vilikuwa kitu kimoja.

Msinitulize. Nimeambiwa niombe, nisamehe, nimlee mtoto. Mtoto namlea. Hasira pia ninayo, na mikono yangu inatosha vyote viwili.

Mchujo wa mwaka huo nilienda kutazama, Akinyi mapajani. Timu ya Nairobi ilikuja na Mwikali wao, na sisi tulikuwa na wafungaji wawili. Tulipigwa tatu mfululizo. Nekesa alifunga thelathini mechi ya mwisho, na tukashindwa kwa mbali. Alipomaliza alikuja akakaa kando yangu bila kuvua raba, akamchukua Akinyi, akasema, "Nimefunga thelathini. Na jezi ya Mwikali nimeijua mgongo tu, mbele sikuiona hata mara moja, kila nikigeuka ameshanipita." Tukacheka, halafu yeye akaanza kulia na mimi sikulia. Mwikali mwenyewe alipita akaniona, akasimama. Akaniambia tangu walipoteremka kwenye basi alikuwa ananitafuta kwa macho akiomba asinione. Kisha akashika mbavu zake mwenyewe, pale alipoingiza goti, akaniuliza kama zilipona.

Yeye aliuliza. Walionituma hawakuuliza.

Kocha Mkuu alinifuata getini. Alikuwa amezeeka kwa mwaka mmoja kama kwa mitano. Akasema Meneja amekubali nirudi, si kucheza, kuwafundisha wasichana kuzuia tu, jioni jioni. Akasema, "Nyar Nyakach, hawa hawajui kuteleza. Njoo unisaidie."

Lile jina alikuwa analikumbuka vizuri kumbe. Magoti yangu yalitaka kujikunja, siwadanganyi. Nilimwangalia kitovu, kama alivyonifundisha, na kitovu chake kilikuwa kimegeukia ofisi ya Meneja.

"Kocha," nikamwambia, "mimi ni Mama Akinyi."

Nikaondoka.

Siku hizi niko Kisian. Jumamosi asubuhi tunacheza nyuma ya kanisa, kwenye kikapu cha mti na ubao, wasichana tisa, na Akinyi anatambaa kwenye turubai pembeni akila vumbi. Mchana nauza nguo za watoto. Wasichana hawa timu ile ikiwaita wataenda, na sitawakataza, kazi ni kazi. Lakini nawalazimisha kitu kimoja ambacho sikukifanya. Mechi yoyote tunayokwenda kucheza ikiisha, kabla ya kunywa maji, wanaenda mezani kusoma karatasi. Wanasoma yao, halafu wanasoma ya yule waliyemkaba. Wakiona alifunga pointi mbili mtu aliyezoea kufunga ishirini, wanakuja kuniambia kwa sauti, mbele ya wenzao, na naandika.

Nina daftari la mistari kwa kazi hiyo. Nililipiga mistari mwenyewe, na kando ya kisanduku cha kila faulo niliongeza kingine cha jina la aliyegongwa. Ukurasa wa kwanza hauna msichana yeyote kati ya hawa. Kuna faulo moja tu pale, ya tano, ya Mwikali, na kwenye kile kisanduku cha kando nimeandika jina langu lote kwa kalamu ya wino, jina la ubatizo, jina la kuzaliwa na jina la baba yangu.