Nakala ya Jumatatu

Nikisikia mtu akisema "weka tu flash hapo, ni dakika moja," damu yangu hupanda. Nina ofisi ndogo ya uchapishaji Majengo, hapa Nyeri, si mbali na msikiti, na kazi inayonilisha ni vijitabu vya mazishi. Huku kwetu mtu hazikwi bila kijitabu. Lazima picha yake iwe kwenye jalada, ndani iwe historia yake, majina ya wajukuu wote, kisha salamu za mwisho za mke, watoto na ndugu. Familia huunda kamati, kamati huchagua mwenyekiti, na mwenyekiti huniletea flash yenye picha zilizokusanywa kutoka simu za ukoo mzima. Huwa siulizi flash hiyo imelala wapi. Ningeuliza, nisingefanya kazi.

Wiki ninayoisimulia, marehemu alikuwa mzee wa kanisa na mkulima wa chai kutoka Kangema. Mwili wake ulikuwa mochari ya hapa mjini, na mwenyekiti wa kamati alikuwa mdogo wake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Jumatatu mwenyekiti alimleta mjane kwangu ili atoe salamu zake, akamwacha hapo akarudi dukani. Mjane hakuwa na karatasi yoyote, maana hakuzoea kuandika. Alikaa, akakaza kitambaa chake kichwani, akaanza kusema kwa Kikuyu. Nami nikayachapa maneno yake moja kwa moja kwenye kompyuta, vilevile yalivyokuwa yakitoka.

Kwa Kiswahili ni kama hivi: "Mume wangu alikuwa mkali, na hakujua kusema asante. Lakini tangu nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza nikaugua, kila alfajiri nilikuta moto unawaka jikoni na maji yamechemka. Nikimuuliza, alisema makaa ya jana hayakuzima. Mimi nilikuwa macho kitandani, nikimsikia akipuliza na kukohoa moshi. Sikumwambia kwamba najua. Ningemwambia, angeacha."

Nilimuuliza kama angependa kuongeza kitu.

"Hapana, msichana wangu. Nimesema. Hiyo sitasema tena, hata pale kaburini. Wataisoma."

Akaaga akaenda.

Jumatano mwenyekiti akaja kukagua. Alisoma akiwa amesimama, miwani ikiwa puani, na alipofika pale kwenye moto akasimamisha kidole.

"Madam, hii ya moto utoe."

"Kwa nini?"

"Mzee wa kanisa, mwanaume mzima, ati anapuliza moto jikoni? Watu watacheka."

Ninajua alichomaanisha. Kwa wanaume wa rika lile, jiko lilikuwa la mke. Mwanaume alikaa kwake, chakula kikaletwa, na akionekana amepiga magoti mbele ya mafiga alikuwa amejishusha. Mwenyekiti akanipa maneno ya kuweka badala yake: "Alikuwa mume mwenye upendo, mchapakazi na mcha Mungu." Sentensi hiyo nimeichapia walevi, wagomvi, na watu ambao wake zao walikuja mazishini kuhakikisha tu. Nikamuuliza kama mama mwenyewe anajua.

"Mama ako na huzuni. Tusimsumbue."

Mteja ndiye mteja. Nikaufuta moto, nikaweka upendo na uchapakazi, nikahifadhi. Hapo ndipo akachomoa flash mfukoni pamoja na misumari miwili, akasema ni dakika moja; picha zikaingia, akaondoka nayo.

Alhamisi asubuhi nikawasha mashine, na kila faili ya wiki ile ikafunguka na kunionyesha alama za ajabu ajabu, mistari na mistari ya takataka. Programu ya kuzuia virusi ilikuwa imelala fofofo. Nikaiamsha, nikaisasisha, ikasaka kutwa ikakipata kirusi, na ndiyo, kilitoka kwenye picha za ukoo. Ikakiondoa na kunipongeza kwamba kompyuta yangu sasa iko salama. Mashine ilikuwa safi, faili zilikuwa zimekufa, na mazishi yalikuwa Jumamosi.

Nikampigia mwenyekiti.

"Si uandike tu tena?" akasema. "Historia niko nayo kwa simu. Wajukuu pia."

"Na salamu za mama?"

"Si tulisema mume mwenye upendo?"

Kwake hakuna kilichopotea. Kwangu, maneno ya yule mama, hata baada ya mimi kuyafuta Jumatano, yalikuwa bado yamebaki mahali fulani ndani ya mashine hiyo, na kwingine ni ndani ya kichwa chake tu, na kichwa chake kilishasema hakirudii. Nilijaribu kujiona nikimpigia simu bibi huyo: cucu, samahani, yale maneno yako yameliwa. Nikashindwa hata kulitafuta jina lake kwenye simu.

Kulikuwa na njia moja. Mashine hizi zina tabia ya kujiwekea nakala za zamani za faili zikijisasisha, na ukizitafuta unaweza kurudisha faili ilivyokuwa juzi. Nikaenda mahali pa kuzitafutia. Nikakuta maandishi yakiniambia kwamba huduma hii imezimwa na msimamizi, tafadhali wasiliana na msimamizi wako. Msimamizi gani? Ofisi nzima ni mimi, kiti na chupa ya chai! Kirusi kilikuwa kimeondoka, lakini kabla ya kuondoka kilifunga mlango na kuandika jina langu kwenye kufuli.

Nilipiga meza hadi jirani akaja. Ni fundi wa simu, kazaliwa hapahapa Majengo, mtu mwema sana isipokuwa ana mikono myepesi.

"Dada, hiyo ni rahisi," akasema, tayari ameshashika kipanya. "Unazima hiyo restore kabisa, kwa sababu virusi hujificha ndani ya zile kopi. Halafu unawasha tena. Mashine inakuwa mpya."

Hakukosea. Ndivyo sote tunavyofanya, na siku nyingine yoyote ningemshukuru. Lakini ukiizima, nakala zote za zamani hufutika papo hapo. Nikamchapa kofi mkononi.

"Haya dada," akasema akijipapasa. "Kaa na virusi yako."

Nikaanza mwenyewe. Kirusi kilikuwa kimeandika amri ndani kabisa ya mipangilio ya mashine kwamba huduma hiyo isifunguke, na kikaisimamisha pia ile kazi ya nyuma inayotunza nakala. Nikaifuta amri, mashine ikasema sina ruhusa. Nikajipa ruhusa, ikaniuliza kama nina uhakika. Nina uhakika! Nikaifuta. Nikawasha ile kazi ya nyuma, ikawaka, ikazima. Nikasoma maelezo mtandaoni ya mtu aliyeapa kwamba kwake ilikubali mara ya kwanza, na nikamchukia mtu huyo ambaye sijawahi kumwona. Nikagundua kuna amri nyingine iliyojificha mahali pengine, nikaifuta nayo. Nikaanza kuwasha mashine upya, na hapo stima ikapotea Majengo yote.

Sitaandika nilichosema. Fundi wa simu alifunga mlango wake taratibu.

Stima iliporudi, mashine ikaamka na kuniambia inajisasisha, nisiizime. Nilikunywa chai iliyopoa nikiitazama ikizungusha vile vidoti vyake bila haraka yoyote, kana kwamba anayezikwa ni wa mwaka ujao. Hatimaye nikaingia. Ule ukurasa ukafunguka na ile kufuli haikuwepo. Kirusi kilikuwa kivivu, namshukuru Mungu kwa uvivu huo, kwa maana kilifunga ghala lakini hakikuyagusa mahindi.

Nakala ilikuwa moja tu, ya Jumatatu jioni. Kabla ya kupumua niliihamishia kwenye flash mpya ambayo haijawahi kuguswa na ukoo wowote. Kisha nikaifungua. Ukali ulikuwepo, makaa yalikuwepo, kukohoa kulikuwepo, na mwishoni "ningemwambia, angeacha." Nikalia, tena kwa hasira zaidi kuliko furaha.

Marekebisho ya Jumatano hayakurudi. Ilikuwa kazi ndogo tu kuufuta moto tena, na kidole changu kilikuwa palepale. Ndipo mwenyekiti akaingia, flash mkononi.

"Nimeongeza picha za Sunday school."

Ilikuwa ileile. Nikamuuliza, polepole, flash hiyo imepita wapi tangu Jumatano.

"Niliipeleka kwa cyber ya hapo stage ya matatu, halafu kwa yule wa kupiga picha, halafu ofisi ya kanisa. Ilikuwa inakataa kufunguka, nikasema nitafute mwenye anaweza."

Alikuwa ametembeza ugonjwa mji mzima, mlango kwa mlango, kwa adabu zote. Nilimfokea mtu mzima mwenye msiba, na sikujali. Alisubiri nimalize, kisha akachukua kurasa za majaribio nilizokuwa nimechapa.

"Lakini hii ya moto si tulitoa?"

"Ile mlitoa imekufa na flash yako. Hii ndiyo imerudi."

"Basi toa tena."

"Mzee, nikigusa hii faili inaweza kupotea yote. Unataka kuzika ndugu yako bila kitabu?"

Ulikuwa uongo mtupu, na niliusema bila kupepesa macho. Akaitazama kompyuta kwa woga, kisha akanitazama mimi.

"Chapa," akasema.

Jumamosi nilienda Kangema mwenyewe. Nilijiambia napeleka nakala za ziada, lakini kusema kweli nilitaka kusikia. Binti wa marehemu ndiye aliyesoma salamu za mama yake. Alipofika kwenye moto na maji ya kuchemka, watu walicheka kama mwenyekiti alivyosema, wanawake wazee wakiwa wa kwanza, wakipigana mabega. Alipofika kwenye kukohoa wakapunguza. Alipofika mwisho, mjane alikuwa amekaa wima akilitazama jeneza.

Wakati wa chakula nikamwona mwenyekiti akinijia, nikaweka sahani chini nijiandae kwa vita.

"Mimi nilimpata ndugu yangu siku moja," akasema. "Nilikuwa kijana, nimeenda asubuhi mapema kuomba jembe. Nikampata amepiga magoti hapo kwa moshi. Akaniambia nikiambia mtu, mimi si ndugu yake tena. Nimenyamaza mpaka leo."

"Na mbona uliniambia watu watacheka?"

"Na si wamecheka?" Akajipangusa macho kwa mkono wa koti. "Miaka yote hiyo mimi nilidhani mama hajui. Nilikuwa nafichia yeye siri ya bwana yake."

Akapapasa mfuko wa koti, akatoa ile flash.

"Niwekee hiyo ya mama hapa," akasema. "Hiyo tu."

Damu ikapanda. Nikafungua kinywa nimwambie yote, kuanzia picha za ukoo hadi ofisi ya kanisa, nikaona jinsi alivyoishika kwa mikono miwili. Nikaipokea kwa ncha za vidole, nikaifunga kwenye leso, nikamwambia aje aichukue Jumatatu, ikiwa safi.