Filamu za Mfungaji wa Marobota

Majina ya wote waliokuwapo siku ile ninayo kichwani, hata la askari aliyetukagua, maana lilitajwa mbele yangu. Siyaandiki. Wakati ule askari walikuwa wakikagua pasipoti mtaa mzima wa Xiaobei, huko kwa Wachina tulikokwenda kununua bidhaa, na ukishikwa bila viza, ndiyo basi tena.

Mfungaji wangu wa marobota alikuwa Mbengali. Kiswahili alikijulia kwetu Watanzania, kwa kutufungia mizigo. Viza yake ilikuwa imekwisha. Kila akifunga aliweka kwenye deki filamu za mwandishi mmoja wa kwao. Mtu huyo, aliniambia, aliandika riwaya mpaka nchi nzima ikamjua, lakini mama yake hakujua kusoma. Basi akajifunza kutengeneza filamu, ili na mama ajue mwanawe anasema nini. Mimi niliyeishia darasa la tatu, hilo lilinikaa moyoni.

“Kwetu, bibi, filamu yake ikitoka hata wauza samaki wanafunga meza.” Na jina lake mwenyewe mfungaji wangu, wazazi walilitoa kwenye riwaya za mtu huyo.

Alasiri moja, kwenye chumba cha kufungia mizigo pale jengo la maduka la Tianxiu, alikuwa akizikanyaga nguo nilizonunua soko la Shahe, miguu mitupu ndani ya gunia ili zishuke. Tukasikia milango ya chuma inateremshwa, duka baada ya duka. Ndiyo alama yetu: askari wameingia. Lifti na ngazi walikuwa wameshazishika.

“Bibi, nifanyeje?”

“Chuchumaa humo humo!”

Nikamfunika kwa suruali za jinzi. Kugeuka, makubazi yake yako mlangoni, makubwa ya kiume. Nikayavaa.

Askari akaingia na mama Mchina wa duka la jirani, anayejua Kiswahili cha biashara, amtafsirie. Pasipoti yangu akaigeuza na kuigeuza. Akatazama miguu yangu. Akatazama gunia. Kisha televisheni, ambako mama mmoja alikuwa amesimama mvuani, anangoja.

“Bibi, anasema filamu hii si ya kwenu. Unaielewa?”

“Naielewa sana! Huyo mwanawe kaenda mjini kutafuta kazi…”

Nikasimulia, nikiogopa kunyamaza, maana gunia lilikuwa linapumua. Mama Mchina, nadhani aliliona, akatafsiri kirefu kuliko nilivyosema.

“Anauliza, mtoto anarudi?”

“Anarudi. Mwambie anarudi, mzima kabisa.”

Askari akanipa pasipoti yangu, akatoka na mama Mchina.

Sikumfunua mfungaji wangu mpaka viatu vya askari viliposikika ghorofa ya juu. Alitoka ametota jasho.

“Bibi, umemdanganya. Yule harudi.”

“Najua harudi, nimemtazama mara ngapi? Lakini wewe ulikuwa humo ndani. Ningesema nini?”

Akataka kucheka, ikashindikana. Akavuta kamba aendelee kufunga. Fundo likamponyoka, akalirudia, likamponyoka tena. Nikashika kamba upande wa pili. Juu walikuwa wanagonga milango, na bado hawajashuka.