Mazishi ya Baba kwa Hisani ya Wakala wa Tiketi

Mwongozaji wa kikundi chetu cha maigizo ni Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu wa mji wa Laurel huku Marekani, aliyejifunza Kiswahili chuoni na kukishika kuliko sisi tuliozaliwa nacho. Anaiabudu televisheni ya nchi yake ya enzi za mwanzo: kila wiki mchezo mpya wenye watu wapya, na juu ya kila mchezo mdhamini yuleyule, aliyeamua nani alie na nani acheke. Alituambia kwamba muuza sigara hakutaka mtu mbaya aonekane akivuta. Tulicheka. Kumbe alikuwa anatuandaa.

Tukaanzisha michezo yetu ya kila wiki mtandaoni, kwa Kiswahili. Mdhamini alikuwa wakala wa tiketi za ndege, Mkenya mwenye ofisi mji jirani wa Wheaton, mtu mkarimu ambaye hajawahi kusoma hadithi hadi mwisho. Ikawa kila wiki hadithi tofauti na sanduku lilelile la safari lenye jina la wakala. Mke akiachwa, anapanda ndege. Mgonjwa akipona, anapanda ndege. Mwizi tu ndiye aliyesafiri kwa basi.

Zamu yangu ilipofika niliandika msiba wa baba. Alipofariki Morogoro, makaratasi yangu ya kuishi huku yalikuwa hayajatoka, ningeondoka, nisingeruhusiwa kurudi. Mazishi niliyafuata kwenye simu, nimekaa garini nje ya kazini. Mama nilimwambia tu kwamba safari imeshindikana. Mambo ya makaratasi hayasemeki kwa mtu aliyekwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe ametulia Marekani. Hakuuliza kwa nini, na kule kutouliza kuliniuma kuliko matusi. Nikaona mchezo utanisemea, maana mama hakosi hata mmoja.

"Story ni poa," mdhamini akasema, "lakini huyu msichana lazima afike. Mtu akishindwa kutravel, wateja watasema ni sisi tumemwangusha."

"Lakini hakufika, bosi."

"Kwani nani anajua?"

Nilimgeukia mwongozaji. Akavua miwani, akaipangusa taratibu.

"Dada yangu, tusimkasirikie mdhamini," alisema. "Taa hizi ni zake. Hata magwiji wetu wa zamani walikubali."

Nilikasirika, na nikakubali. Tukamzika baba nyuma ya nyumba ya mtu huko Bladensburg, kwenye udongo wa bustani ulionunuliwa dukani kwa mifuko. Binti niliigiza mwenyewe, sanduku pembeni, jina la wakala likitazama kamera. Niliambiwa nilie kidogo. Nikapiga magoti, na sikuweza kunyamaza hata kamera ilipozimwa. Mdhamini alifurahi mno. Mwishoni tukaweka sauti yake: "Nafasi ipo siku zote."

Jumapili mama akapiga simu.

"Nimekuona umefika," alisema. "Hivi ni kweli nafasi ipo siku zote?"

"Lile ni tangazo tu, mama."

"Na kulia kule? Nako ni tangazo?"

"Hapana, mama. Kulia kule ni kwangu."

"Haya, niambie basi."

Nikamsimulia mchezo wenyewe, ule nilioandika kabla mdhamini hajaubadili, wa binti aliyekaa garini na simu mkononi, akimtazama baba yake akishushwa kaburini bila yeye.