Kipande Kisichopigwa Plasta

Mume wangu alikuwa fundi wa kujenga hapa Tulia, na plasta yake ilikuwa laini hata nzi angeteleza. Lakini kichwa, wee! Kigumu kuliko mawe yenyewe. Aligombana na kaka yake juu ya shamba kule kwao Nuu, akaapa hatakanyaga tena. Miaka tisa! Mama yake anatuma salamu, macho yake yanazidi kufifia, na mimi nikimwambia twende, ananijibu, "Mama watoto, nipe chai." Siku moja nilimrushia: "Mkataa kwao mtumwa!" Siku hiyo hakula.

Ilikuwa miaka ya sabini. Injinia mmoja wa mabwawa, Myahudi, alimpa kazi ya kumjengea nyumba, nami nikawa nawapikia. Nyumba ilipokaribia kuisha, injinia akasema kipande cha ukuta kinachotazama mlango, mkono mmoja kwa mkono mmoja, kisipigwe plasta.

"Ala! Watu watasema niliishiwa na saruji," mume wangu akafoka. "Na jina langu je?"

Injinia akamwomba angoje wamalize kula. Baada ya isyo, yale mahindi na maharagwe yetu, alifumba macho akaimba polepole kwa lugha yake. Sikuelewa hata neno. Akatueleza kwamba ni zaburi ya wale waliochukuliwa mateka, wakaapa kutousahau mji wa Yerusalemu. Kwao huimbwa baada ya chakula siku za kazi, na ukuta huachwa hivyo ili mtu asiifurahie nyumba yake mpaka akausahau mji uliobomolewa.

"Wewe ulitoka huko lini?" mume wangu akauliza.

"Mimi? Sijawahi kufika. Wala baba, wala babu."

Mume wangu aliijua zaburi hiyo. Aliimba besi katika kwaya ya Nuu kabla ya ule ugomvi. Kipande akakiacha, tena akazinyoosha kingo zake kwa uangalifu.

Jumamosi akaniambia nimpigie shati pasi. Sikuuliza tunaenda wapi; ningeuliza, angeghairi.

Tulimkuta mama mkwe ameketi nje, haoni kabisa. Akampapasa mwanawe uso, mabega, mikono.

"Umekonda," akasema, na mume wangu wakati huo tumbo lilikuwa likimtangulia mlangoni.

Akapiga magoti pale vumbini.

"Ndiyo, mama," akasema. "Nimekonda."